Zamu ya Radosav

Mimi Dobrila, mjane wa Radosav, nimeishi karibu umri wangu wote nikisema Lipovica ni moja tu: yetu. Ile ya ng'ambo ya kijito nayo inajiita Lipovica, haya, nani atawazuia? Serikali, kwa kukosa kazi ya kufanya, ikatuita sisi Lipovica Kubwa na wao ikawaita Lipovica Ndogo, ingawa wao wana nyumba nyingi kuliko sisi, na duka wanalo, sisi hatuna. Halafu kuna Lipovica nyingine upande wa Belgrade, nyingine kusini, nyingine sijui wapi huko. Nchi hii ina Lipovica kama ilivyo na uyoga. Hayo hayakunihusu. Mtu akiniuliza natoka wapi, nilimjibu "Lipovica," nikafunga mdomo. Kuongeza "Kubwa" ingekuwa kukubali kwamba ipo nyingine, na mimi kukubali jambo nisilolitaka sikuzoea. Muulizeni yeyote.

Basi. Barabara itokayo mjini ikikaribia kwetu inagawanyika: kushoto kwao, kulia kwetu. Hapo njia panda watu wa barabara walisimamisha nguzo, na juu ya nguzo wakafunga kibao kimoja chenye mshale: LIPOVICA. Kimoja! Vijiji viwili, wajina wawili, kibao kimoja. Walisema cha pili kitakuja mwakani. Mwakani hiyo naingoja mpaka leo.

Siku walipokifunga, mshale ulielekea kwao. Kesho yake ulielekea kwetu, maana mume wangu alikwenda na spana, akalegeza nati, akakigeuza. Keshokutwa akaja Obrad wa Lipovica Ndogo na spana yake. Wakaendelea hivyo miaka na miaka. Wanaume wengine wana karata, wengine wana wanawake wa watu. Hawa wawili walikuwa na kibao.

Mwaka ule gari la sinema lilipozunguka vijijini, Obrad aliwahi kuamka, akakigeuza kibao. Sinema ikaonyeshwa kwao, sisi tukabaki kusikia muziki ukivuka kijito. Radosav alikosa usingizi kwa hasira. Akalipiza kwa lori la saruji: saruji ya shule yao ikamwagwa uwanjani kwetu, na mpaka walipokuja kuichukua, nguruwe wa jirani alikuwa ameshaifanya kitanda.

Wakikutana gulioni, watu waliacha kupatana bei wakaja kusikiliza.

"We Obrad! Shingo yako na mshale wako vyote vimepinda upande mmoja!"

"Na wewe Radosav! Hicho kijiji chako kikubwa nakitia mfukoni, na nafasi ya leso inabaki!"

Siku moja, mbele ya gulio zima, Obrad akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga ardhi ya Lipovica Kubwa maisha yake yote. Radosav akamjibu kwamba ardhi imeshukuru. Nami nilimchukia Obrad kwa moyo mweupe kabisa. Mke asipomsaidia mumewe kuchukia, amsaidie kitu gani?

Radosav akafa. Kifua, baridi kali ya Februari, siku chache tu, mtu akawa hayupo. Tulipomzika, nilimwona Obrad amesimama nje ya ukuta wa makaburi, kwenye theluji ya barabara inayopita mpakani. Ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu ilipopitishwa, kila mtu akachota kijiko na kumwombea, yeye hakuingia. Alisimama kama mlingoti, kisha akaenda zake. Nikasema moyoni: sawa, Obrad, hata maiti umeinyima kijiko kimoja cha ngano. Hilo sikusamehe.

Kibao kiliendelea kugeuka. Leo kwao, kesho kwetu. Nilidhani ni vijana wetu wanaendeleza kazi ya mzee, na nikaona fahari.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Mwanangu Tihomir, anayefanya kazi kiwanda cha mbao, alioa msichana wa milimani anaitwa Nevena. Mikono myepesi, mdomo mtulivu. Kinyume changu, ndiyo maana tukapatana. Mtoto wao wa kwanza hakufikisha arobaini. Wa pili, vivyo hivyo. Nyumba yenye vifo viwili vya namna hiyo watu hupunguza sauti wakipita mbele yake. Halafu akaja wa tatu, msichana, mwekundu kama pilipili na kelele za kutosha kijiji. Lakini Nevena hakulala. Usiku kucha alikuwa anaweka kidole chini ya pua ya mtoto kuona kama anapumua.

"Mama," aliniambia, "na huyu akienda, mimi nami nimekwenda."

Mkwe wangu si mtu wa maneno. Akisema, amesema. Nikajua hapo kuna kazi moja tu ya kufanya, ile aliyoifanya bibi yangu.

Kwetu kila nyumba ina ukoo wake wa baba wa ubatizo. Wanarithishana na sisi tunarithishana. Baba wa ubatizo ni zaidi ya ndugu. Si kifungo cha shati, husema watu wetu, kwamba ukikichoka unakata uzi. Lakini watoto wakifa mfululizo, ni lazima bahati ibadilishwe, na wa kuibadilisha hachaguliwi na mtu. Mtoto analazwa njia panda alfajiri, na binadamu wa kwanza kupita, awe askari, awe mwizi, awe askofu, ndiye baba wa ubatizo. Yeye hawezi kukataa, nanyi hamwezi kumkataa. Na jina la mtoto hulitoa yeye. Wazazi wanalisikia kanisani pamoja na watu wote.

Tihomir akacheka. "Mama, tuko zama za redio."

"Redio imemfufua nani?"

Nevena akasema, "Tunakwenda," na Tihomir akaacha kucheka.

Lakini jamani, kuiachia bahati kila kitu! Hata mbegu bora tunaitilia samadi. Mjini alikuwa amekuja daktari mpya wa mifugo, Svetozar, kijana wa tambarare za kaskazini. Ana afya, ana gari, meno yote yamo. Baba wa ubatizo wa namna hiyo unampata wapi? Nikamfuata ofisini kwake.

"Daktari," nikamwambia, "Jumamosi alfajiri pita njia panda ya Lipovica. Usiniulize kwa nini."

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Mjane kumwita kijana njia panda alfajiri, unaelewa. Nikamwambia, "Usijipe matumaini, daktari. Wewe pita tu."

Akaahidi. Nikarudi nyumbani najiona mjanja wa dunia.

Jumamosi, jua halijatoka, tukamlaza mtoto chini ya nguzo ya kibao, juu ya ngozi ya kondoo, mkate na chumvi pembeni yake. Alikuwa ameshiba, amelala. Sisi watatu tukajificha kwenye kichaka, hatua chache tu. Umande ulitulowanisha magoti. Nevena alinishika mkono wa sweta, akaushika kabisa, na macho yake hayakutoka kwa mtoto.

Mimi nilitazama barabara ya mjini. Hakuna gari. Nikatega sikio. Hakuna gari.

"Unamtazamia nani, mama?" akanong'ona Tihomir.

"Simtazamii mtu. Natazama hewa."

"Mama."

"Nyamaza, utamwamsha mtoto."

Hapo nikasikia hatua. Hazikutoka mjini. Zilitoka kushoto, ng'ambo ya kijito. Na nani alitokea ukunguni, mfupi, mpana, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, spana mkononi? Obrad!

Damu ikanipanda. Nikanyanyuka nikimbie nikamnyakue mtoto kabla hajamwona. Tihomir akanikamata sketi.

"Mama, kaa! Sheria ni sheria."

"Sheria gani, na wewe huamini?"

"Siamini. Lakini sheria ni sheria."

Nikavuta, akavuta. Sketi ikalia praa! Lakini Obrad hakusikia, maana alikuwa na shughuli zake. Hakutazama chini. Kwenye nguzo kuna kigingi cha kukanyagia, alikigongelea marehemu mwenyewe, kwa kuwa naye alikuwa mfupi. Obrad akakipanda. Kibao siku ile kilielekea kushoto, kwao. Akalegeza nati. Nikangoja nione uovu gani mpya anaufanya. Akakigeuza kibao, taratibu, mpaka mshale ukaelekea kulia. Kwetu! Akakaza nati, akashuka, akavua kofia.

"Haya, Radosav," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya ua wa nyumba. "Leo yako. Kesho yangu, usisahau."

Nikakaa kwenye umande, sketi yangu iliyochanika na yote. Kumbe vijana wetu hawakuwa vijana. Kumbe mkono uliokuwa ukimgeuzia mume wangu kibao chake ni huu.

Mtoto akapiga chafya.

Spana ikamwanguka Obrad. Akatazama chini, akaona ngozi, mkate, chumvi, na uso mwekundu uliokuwa unajiandaa kulia. Alielewa papo hapo. Mtu wa huku haelezwi. Akatazama njia ya kushoto, akatazama ya mjini. Kwa kujua kwake hakuna aliyemwona. Angeweza kuvaa kofia yake akarudi alikotoka, na nyayo zake zikafutika na umande. Nevena aliacha kupumua. Mimi niliyetaka kumkimbiza sasa nilikuwa naomba: asiende, Mungu wangu, asiende.

Obrad akapiga magoti, kwa shida, goti moja kwanza.

"Na wewe," akamwambia mtoto, "umelala hapa unamngoja nani? Ungevumilia kidogo akapita mtu wa maana."

Nevena akasimama kichakani, majani kichwani. "Tunakungoja wewe, mzee," akasema.

Nikasimama na mimi, nikiwa nimeshikilia sketi. Maneno ya sherehe ni ya mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba ni mimi. Nikayatoa. "Obrad, pokea, kwa ajili ya Mungu na Mtakatifu Yohana."

Alitutazama mmoja mmoja. Akafika kwangu akatazama pembeni.

"Mama Tihomir, katika maisha yangu yote hakuna mlango uliowahi kuniomba jambo hili. Si huku kwenu, si kule kwetu. Mimi na marehemu mke wangu Mungu hakutupa mtoto. Nilidhani nitaondoka hivyo hivyo."

"Jibu basi, mtoto anapata baridi!" nikamfokea. Nilikuwa karibu kulia, na mimi nikikaribia kulia hufoka.

"Napokea," akasema Obrad. "Kwa ajili ya Mungu na Mtakatifu Yohana, napokea."

Akamnyanyua. Mtoto akamshika kidole, kile kidole kinene chenye grisi ya nati, na hakukiachia mpaka Nevena alipokuja kumchukua.

Tihomir aliokota spana akampa. Mimi nikauliza nililotaka kuuliza. "Tangu lini unafanya haya?"

"Tangu tumzike."

"Tumzike? Wewe ulisimama nje ya ukuta!"

"Nilikuwa nimeapa, mama Tihomir. Ulitaka nivunje kiapo mbele ya maiti? Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi." Akaigeuza kofia mikononi. "Baada ya mazishi nilikuja hapa, nikakuta mshale unaelekea kwetu. Kesho yake, kwetu. Keshokutwa, bado kwetu. Nikasema, sasa huu ni ushindi gani? Namshinda nani? Basi siku zake namgeuzia mimi."

Nikaona nirudi kwenye mambo ya kazi.

"Kanisa liko kwetu, Obrad. Na kiapo chako?"

"Kiapo kipo."

"Na ubatizo ni Jumapili ijayo."

"Najua. Na kanisa najua liko wapi, nalitazama kutoka ng'ambo miaka yote." Akavaa kofia. "Jumapili tutaonana, mzazi mwenzangu."

Mzazi mwenzangu! Obrad, kuniita mimi mzazi mwenzake! Na haki alikuwa nayo.

Mchana ndipo daktari wa mifugo alipofika, gari lina matope hadi madirishani, na yeye ana matope zaidi ya gari. Alikuwa ametazama ramani, akaona Lipovica, akaenda. Ile ya upande wa Belgrade! Alisimama njia panda ya watu tangu usiku, wakamdhania mwizi wa ng'ombe, wakamzunguka na reki.

"Mama Dobrila, ungeniambia ni Lipovica ipi!"

"Lipovica ni moja, daktari," nikamjibu, lakini ile sauti ya siku zote sikuipata. Nikampa supu.

Ile wiki ilikuwa ndefu. Kijiji kizima kilikuwa na swali moja: Obrad atampa mtoto jina gani? Jirani yangu alisema atamwita jina la punda wake. Mwingine akasema atamwita Ndogo, ili tukimwita mtoto wetu tuwe tunakitaja kijiji chao. Nevena alisema, "Amwite apendavyo, mradi aitike." Lakini mimi nilikuwa na donge langu, na nalisema. Tangu mimba ya kwanza nilitamani jina la Radosav lirudi nyumbani. Angekuwa wa kiume, pengine ningethubutu kumnong'oneza baba wa ubatizo. Huyu ni msichana, na nani atakumbuka jina la mzee kwa mtoto wa kike? Na wa kukumbuka ndiyo awe Obrad! Thubutu. Jina la mume wangu lilikuwa limeishia kwenye msalaba wa mbao, na mvua ilikuwa imeshaanza kula herufi zake.

Siku ya Alhamisi nikashindwa kuvumilia. Nikaoka keki ya jozi, nikashuka kijitoni, nikamwita.

"Obrad! Umeshafikiri?"

Akatokea ng'ambo, mikono kiunoni. "Nimefikiri."

"Ni jina la Kikristo?"

"Kumbe ulidhani la ng'ombe?"

"Sijui nikudhanie nini!"

"Nidhanie mema, mzazi mwenzangu. Ni zoezi zuri kwa umri wetu."

"Keki unaitaka au huitaki?"

Akanyoosha reki juu ya maji, nikatundika kikapu, akakivuta. Jina hakulitaja. Nilirudi nyumbani sina keki na sina jina.

Jumapili ikafika. Uwanja wa kanisa ulijaa. Wa kwetu walikuja wote, na wa Lipovica Ndogo nao walikuja, wakasimama upande wao, wakajifanya wanatazama paa. Padri alitoka mlangoni. Baba wa ubatizo hayupo. Nevena alikuwa mweupe kama kitambaa alichomfungia mtoto. Bila baba wa ubatizo hakuna ubatizo, na baba wa ubatizo aliyepokea kisha asitokee, hiyo ni laana mbaya kuliko kifo cha kwanza na cha pili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumtukana, na machozi yalikuwa yananiharibia mpangilio.

Ndipo tukasikia kwato.

Obrad aliingia Lipovica Kubwa juu ya punda! Amevaa suti nyeusi ya harusi yake, imembana tumboni, amebeba kitambaa cheupe cha ubatizo begani na mwanakondoo mbele yake. Punda alikuwa mfupi, kwa hiyo alikuwa amekunja magoti juu kama panzi, ili viatu visiguse chini. Alipita katikati ya kijiji chote hivyo hivyo, uso mzito, mguu wake haukukanyaga ardhi yetu. Kiapo ni kiapo.

Kicheko kililipuka pande zote mbili za uwanja kwa pamoja.

"Obrad," akasema padri, "punda haingii kanisani."

"Bwana Yesu aliingia Yerusalemu na punda, padri."

"Yerusalemu, ndiyo. Hekaluni alishuka. Shuka."

Obrad akatazama ardhi. Akamtazama mtoto mikononi mwa Nevena. Mimi nikasogea, nikamshika punda hatamu, nikamwambia kwa sauti ndogo, wasisikie wengine, "Radosav angekucheka sana, mzazi mwenzangu, kisha angekuvuta mguu mwenyewe. Maji umeshayavulia nguo, yaoge."

Akashuka. Mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Alisimama kidogo pale pale, kama anangoja ardhi iseme neno. Haikusema. Tukaingia.

Alimkataa shetani mara zote alizotakiwa, akamtemea mate shetani huyo, kama ibada inavyotaka, tena kwa nguvu, nadhani alikuwa anawafikiria watu wa barabara. Kisha padri akauliza, "Jina la mtoto?"

Hata watoto waliacha kukohoa. Obrad akajikuna kidevu kwenye bega, maana mikono ilikuwa na mtoto.

"Radosava," akasema.

Padri akadhani hakusikia vizuri. "Nani?"

"Radosava! Wa Radosav. Kijiji hakiwezi kukaa bila mtu wa jina hilo, nitashindana na nani?"

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya Lipovica zote mbili, na sikujifunika uso. Jina la mume wangu lilikuwa limerudi kuishi, na aliyelirudisha ni mtu niliyemnyima salamu hata gulioni. Mtoto alipoingizwa majini alipiga ukelele ambao nina hakika ulifika Belgrade, na Nevena, mara ya kwanza tangu nimjue, alicheka mpaka akashika mbavu.

Tulikula chini ya miti ya plamu. Nyama ya kuoka, kabichi iliyokunjiwa nyama na wali, mikate, na rakija, pombe yetu kali ya plamu, niliyokuwa nimeificha tangu mazishi nikisubiri sababu. Wa Lipovica Ndogo walikula kwetu kama walioalikwa, na kwa kweli walikuwa wamealikwa, sijui na nani. Obrad aliimba, akalia, akaimba tena. Jioni alilala kwenye benchi langu, kofia usoni, na hakuna aliyeweza kumwamsha. Nikamfunika blanketi la Radosav.

Radosava mwenyewe leo ni mtu mzima, ana afya ya farasi na mdomo wangu. Kidole chini ya pua yake Nevena aliacha kukiweka usiku ule ule. Alilala mpaka jua likamfikia kupitia dirishani.

Lakini mimi asubuhi ile niliamka mapema kama kawaida. Nikatoka na ndoo ya kuku, nikamwona Obrad anakoroma bado, na ghafla nikakumbuka. Jana kibao kilielekea kwetu. Leo zamu yake! Na yeye yuko hapa, amelala kwa rakija yangu. Nikajaribu kumtikisa. "Mm," akasema, akageukia upande wa pili.

Nikaingia bandani. Spana ya Radosav ilikuwa bado kwenye msumari wake. Sikuwahi kuigusa, maishani sikuwahi kukigeuza kile kibao. Nilikuwa mtu wa kuchukia tu, kazi walifanya wanaume. Nikaenda njia panda, nikapanda kigingi, na ile nati ikaja kwa urahisi kabisa, maana Obrad alikuwa akiitia grisi miaka yote. Nikausukuma mshale mpaka ukaelekea kushoto, ng'ambo ya kijito.

"Haya, Obrad," nikasema, "leo yako, mlevi wee."

Nilikuwa bado juu, naikaza nati, gari la daktari wa mifugo liliposimama chini yangu. Svetozar akatoa kichwa dirishani. Akatazama kibao, akanitazama mimi, akatazama spana.

"Mama Dobrila, nimeitwa kwa ndama wa Lipovica. Safari hii nakuomba kwa jina la Mungu, Lipovica ni hii unayoelekeza?"

Nikafungua mdomo nimjibu kama nilivyowajibu watu umri wangu wote.

"Lipovica ipi, daktari?" nikasema. "Hapa ziko mbili."